Meya aliyekwenda Augusta: alipanda au alishuka?

*Swali: "Sisi ni Wakongomani, tunaishi Lewiston, Maine, na tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Miaka michache iliyopita tulisikia kwamba mji wa South Portland umepata meya mwanamke Mwafrika, Deqa Dhalac, tukafurahi sana. Mwaka haujaisha vizuri, tukaambiwa ameacha umeya na sasa yuko bunge la jimbo huko Augusta, makao makuu ya Maine. Mume wangu anasema huko ni kushushwa: umeongoza mji mzima, halafu unakuwa mmoja kati ya watu zaidi ya mia. Mdogo wangu wa kiume, aliyepata uraia mwaka jana, anataka kufuata njia hiyo hiyo: udiwani, umeya, bunge la jimbo, mwisho ugavana. Anafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Kanisani wameshaanza kumchangia, hata wale ambao karatasi zao bado. Je, hii ni njia ya kweli au tunajidanganya?"*

Dada yangu, nianze na hoja ya shemeji, maana ikieleweka hiyo, mengine yatafunguka yenyewe. Kwa hesabu ya vichwa yuko sahihi. South Portland ina watu wapatao 26,000. Baraza la Wawakilishi la Maine, ambalo pamoja na Seneti ndiyo bunge la jimbo, lina wajumbe 151, na jimbo zima lina watu milioni 1.3 na ushei, kwa hiyo kila mjumbe anawakilisha watu kama 9,000 tu. Ukiangalia hivyo, Bi Dhalac alitoka kwenye watu wengi akaenda kwa wachache. Lakini hesabu hiyo haisemi ni nani mwenye uwezo wa kuamua nini, na hapo ndipo shemeji anapoteleza.

Kwanza, hakuacha umeya. South Portland wananchi hawamchagui meya. Wanachagua madiwani saba, na madiwani hao, kila Desemba, wanamchagua mmoja wao kuwa meya kwa mwaka mmoja. Bi Dhalac aliingia kwenye baraza hilo kwa uchaguzi wa 2018, na Desemba 2021 wenzake wakamchagua kwa kauli moja, akawa meya wa kwanza mwenye asili ya Kisomali katika Marekani nzima. Novemba 2022 akashinda kiti cha Baraza la Wawakilishi, na Desemba ile ile ambayo mwaka wake wa umeya ulikuwa unaisha ndiyo aliyoapishwa Augusta. Hakuna aliyemshusha, wala Usomali wake haukuhusika. Muda uliisha, akaenda alikochaguliwa.

Pili, umeya wenyewe. Ninyi mliotoka Kongo mmezoea meya anayeteuliwa na Kinshasa, akifika watu wanasimama. Lakini mlipokuwa Kigoma mlikuwa karibu zaidi na mfumo wa South Portland kuliko mnavyodhani. Tanzania madiwani huchagua meya au mwenyekiti miongoni mwao, na kalamu ya kutia sahihi hundi iko kwa mkurugenzi. Tofauti kubwa ni kwamba mkurugenzi wa Tanzania huteuliwa na Rais, na meneja wa mji wa South Portland huajiriwa na baraza lenyewe, na baraza linaweza kumwachisha kazi. Meneja ndiye anayesimamia polisi, zimamoto, barabara na theluji. Meya anaongoza kikao, anakata utepe, anausemea mji, na likija suala la kupiga kura, ana kura moja kati ya saba kama mwenzake yeyote.

Si kwamba baraza la mji ni kitu bure. Mwaka 2014 baraza la South Portland lilipiga marufuku kupakia mafuta ghafi kwenye meli katika bandari yake. Kampuni ya bomba la mafuta ikaenda mahakamani, kesi ikavutwa kwa miaka, na 2021 kampuni ikaiacha. Marufuku ya mji ikabaki. Hiyo ni nguvu. Lakini mji huo huo, ulipogundua 2019 kwamba matangi ya mafuta yaliyo karibu na nyumba za watu yanatoa mvuke mwingi kuliko ilivyofikiriwa, ulikuta kwamba leseni ya kutoa hewa chafu haitolewi na mji. Inatolewa na idara ya mazingira ya jimbo, chini ya sheria za jimbo na za serikali kuu. Diwani anaweza kukaa kwenye kikao hadi saa nne usiku akisikiliza wakazi wanaolalamikia harufu, wakijipanga kwenye kipaza sauti mmoja mmoja, na mwishoni akalazimika kuwaambia kwamba ufunguo uko Augusta. Ukishakuwa mtu wa kusema hivyo mara kwa mara, si ajabu ukatamani kwenda huko kwenye ufunguo.

Mfano mwingine unawahusu zaidi nyumbani kwenu. Msaada ule wa kodi ya nyumba na chakula mnaouita "jiene", yaani General Assistance, unatolewa kwenye dirisha la ofisi ya jiji, kwa hiyo watu wengi wanaamini ni fedha ya meya. Sivyo. Jiji linaendesha, jimbo linalirudishia asilimia 70 ya gharama, na ni sheria na kanuni za jimbo zinazosema nani anastahili na kwa muda gani. Mwaka 2014 serikali ya jimbo ilitaka waomba hifadhi waondolewe kwenye msaada huo, na miji kama Portland, jirani wa South Portland, na Lewiston ikajikuta kwenye mvutano mkubwa. 2015 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwaruhusu kwa miezi 24. Kiangazi cha 2019, mamia ya watu, wengi wao Wakongomani na Waangola, walipofika Portland na kulazwa kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo, gavana ndiye aliyebadilisha kanuni mwezi Julai ili wengi zaidi wapate msaada. Meya wa Portland alikuwepo, alikwenda huku na huku, aliomba. Kanuni ilibadilishwa na jimbo. Kwa hiyo mwambie shemeji: kwa habari ya fedha hiyo, kura moja kati ya 151 Augusta inafika mahali ambapo kiti cha meya South Portland hakifiki.

Gavana wa 2014 alikuwa nani? Paul LePage, naye aliwahi kuwa meya. Hapa ndipo ndoto ya mdogo wetu inapopata ushahidi wake bora, ingawa sijui kama atapenda mfano wenyewe. LePage alizaliwa hapo hapo Lewiston mwaka 1948, mtoto wa kwanza kati ya 18 katika familia maskini iliyozungumza Kifaransa. Alitoroka nyumbani akiwa na umri wa miaka 11 kwa sababu ya kipigo, akaishi mitaani. Baadaye akawa meneja wa biashara, diwani wa Waterville, kisha meya wa Waterville kuanzia 2004, na Januari 2011 akaapishwa kuwa gavana, akakaa mihula miwili. Kwa hiyo njia ipo. Lakini itazame vizuri. Waterville wapiga kura wenyewe ndio wanaomchagua meya, kwa hiyo alikuwa ameshajifunza kuomba kura za mji mzima. Na uchaguzi wa 2010 alishinda kwa takriban asilimia 38 tu ya kura, kwa sababu wapinzani wake waligawana zilizobaki. Umeya ulimpa hadithi ya kusimulia, ya Mrepublikan anayeshinda katika mji wa Wademokrati. Mgawanyo wa kura ndio uliompa kiti.

Na alipofika juu, tabia ya meya wa mji mdogo haikumsaidia kila mara. Bunge halikuwa baraza la watu wachache ambao unaweza kuzungumza nao mmoja mmoja ukamaliza. Katika miaka minane alikataa kutia sahihi miswada 642, zaidi ya gavana yeyote katika historia ya Maine. Wanaomkubali wanasema alilinda mfuko wa walipa kodi, wanaompinga wanasema hakujua kushirikiana. Mimi naona tu kwamba kuendesha mji na kuendesha jimbo ni kazi mbili tofauti, na mtu anaweza kusifiwa kwenye moja akachosha watu kwenye nyingine.

Ukienda Portland utakuta safari inakwenda kinyume kabisa. Tangu 2011 wakazi wa Portland wanamchagua meya wao moja kwa moja kwa miaka minne. Meya wa kwanza kupatikana hivyo, Michael Brennan, alikuwa ameshakuwa bungeni Augusta, katika mabaraza yote mawili. Aliyemshinda 2015, Ethan Strimling, alitokea Seneti ya jimbo. Mark Dion, aliyechaguliwa 2023, naye alipita Seneti. Brennan akarudi tena Baraza la Wawakilishi baada ya umeya. Upande mwingine yupo Mana Abdi wa kwenu Lewiston, aliyeingia Baraza la Wawakilishi siku moja na Bi Dhalac, wakawa Wasomali wa kwanza katika bunge hilo, na hakuwahi kuwa meya. Mdogo wetu anaona ngazi yenye vipago vinne. Mimi naona watu wanaoingia kwa milango tofauti, wanatoka, wanaingia tena.

Jambo moja linaloifanya milango hiyo ifunguke mara kwa mara ni ukomo wa mihula. Tangu miaka ya 1990 mjumbe wa bunge la Maine haruhusiwi kukaa kwenye baraza moja zaidi ya mihula minne mfululizo ya miaka miwili miwili. Baada ya miaka minane kiti kinakuwa wazi, hata kama mwenye nacho anapendwa. Vyama vyote viwili vinalijua hilo, na vinatazama nani mtaani anajulikana na ameshazoea vikao. Diwani anayefanya kazi yake vizuri huonekana mapema. Hiyo ndiyo faida halisi ya udiwani kwa anayetaka kwenda Augusta. Cheo cha meya huongeza kidogo tu juu ya hapo.

Sasa mdogo wetu mwenyewe. Amepata uraia mwaka jana. Katiba ya Maine inamtaka mjumbe wa Baraza la Wawakilishi awe na umri wa miaka 21, awe raia wa Marekani kwa miaka 5 ifikapo mwanzo wa muhula anaochaguliwa kuutumikia, awe ameishi Maine mwaka mmoja, na ndani ya wilaya yake ya uchaguzi kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Gavana lazima awe na umri wa miaka 30, mkazi wa miaka 5, na raia kwa miaka 15. Kaa naye mezani, mpige hesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye cheti chake cha uraia, si tarehe aliyofika Marekani. Wengi hukosea hapo. Utaona kwamba bunge bado haliwezekani kwa sasa, na ugavana uko mbali sana. Udiwani na kamati ya shule ya Lewiston, kwa kawaida, vinamtaka awe mpiga kura aliyejiandikisha na mkazi wa kata husika. Karani wa jiji atamthibitishia masharti yote. Kwa hiyo aanze na jiji, ndiyo, lakini kwa sababu ndipo panapomruhusu, na kwa sababu kazi yenyewe inafaa kufanywa. Akienda pale huku macho yake yako Blaine House, ikulu ya gavana, wapiga kura wa kata watamgundua kabla theluji ya kwanza haijayeyuka.

Na ajue Lewiston si South Portland. Kwenu meya anachaguliwa na wananchi, muhula ni miaka miwili, na asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, wawili wa juu wanarudi kwenye duru ya pili Desemba. Kazi za kila siku ziko kwa msimamizi mwajiriwa wa jiji. Madiwani ni saba, kila kata na wake. Kwenye karatasi ya kura ya jiji majina ya vyama hayamo, na hilo linampa nafasi mtu ambaye anajulikana mtaani kuliko chamani.

Kuhusu kazi ya usiku, nitasema wazi kwa sababu watu humpigia mtu makofi bila kumwuliza atalala saa ngapi. Vikao vya baraza ni jioni. Anayeingia zamu saa tano usiku anaweza kuhudhuria kikao akaenda kazini, akiwa na mwajiri mwelewa. Bunge ni habari nyingine. Linakaa mchana, kuanzia Januari hadi karibu Juni mwaka mmoja, na hadi karibu Aprili mwaka unaofuata, na Augusta ni kama kilomita 50 kutoka kwenu, katika barabara za majira ya baridi unazozijua. Malipo ya mjumbe ni ya kazi ya muda, hayatoshi kulisha familia. Ndiyo maana bunge lile lina wastaafu wengi, wenye biashara zao, na watu wenye mwenza anayeleta mshahara. Ulizaneni nyumbani ni nani atakayebeba pengo, na msimwachie yeye peke yake kulijibu.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Safiya Khalid alipogombea udiwani wa Lewiston 2019 akiwa na miaka 23, alimwagiwa matusi na vitisho mtandaoni, mengi kutoka kwa watu wasioishi hata Maine. Alishinda kwa kura nyingi, akatumikia muhula mmoja. Na mnakumbuka au mmesimuliwa barua ya wazi ya meya wa Lewiston mwaka 2002 iliyowaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuhamia mjini, na maelfu waliojitokeza Januari 2003 kuwaunga mkono. Lewiston imebadilika tangu hapo. Lakini anayegombea aamue mapema nani nyumbani atasoma ujumbe wa simu na nani hatausoma. Sisemi hili kumtisha. Nalisema kwa sababu familia ndiyo inayoshtuka zaidi.

Sasa nakuja kwenye sentensi yako iliyonifanya niweke kikombe chini: "wale ambao karatasi zao bado." Dada, simamisheni mchango huo leo.

Sheria ya Marekani inamkataza mtu ambaye si raia na hana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kutoa fedha kwa mgombea yeyote, awe wa urais au wa udiwani wa kata. Mwomba hifadhi haruhusiwi. Aliyekuja na hadhi ya ukimbizi lakini kadi ya kijani bado haijatoka haruhusiwi. Dola tano ni kosa kama dola mia tano. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchanga, ila hapigi kura. Na mfuko wa kanisa lililosajiliwa kama taasisi isiyolipa kodi haupaswi kumpa mgombea fedha hata kama kila muumini ni raia. Najua kwetu kuchangiana ndiyo undugu wenyewe. Arusi, msiba, karo, vyote tunachanga. Huku uchaguzi umewekewa uzio wake, na anayeumia kwanza si mgombea. Ni yule mama mwenye kesi ya hifadhi ambaye jina lake litakutwa kwenye orodha.

Yapo wanayoweza kufanya hata kama karatasi bado: kujitolea bila malipo, kufuatana naye mlango kwa mlango, kutafsiri, kupika chai. Wasiingie tu kwenye maamuzi ya fedha za kampeni. Na kamwe, hata mtu akiwapa fomu kwa tabasamu kwenye ofisi ya leseni za udereva, asiyekuwa raia asijiandikishe kupiga kura. Kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Siku ya kwenda Augusta ikifika, Maine ina utaratibu uliopitishwa na wapiga kura 1996 unaomfaa sana mtu asiye na marafiki matajiri. Mgombea wa Baraza la Wawakilishi anakusanya michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura waliojiandikisha katika wilaya yake, kisha jimbo linamlipia kampeni. Anayetaka Seneti anahitaji 175. Kila mchangiaji anathibitisha kwamba dola ile imetoka mfukoni mwake mwenyewe. Msije mkakusanya dola 300 kanisani na kuzigawa kwa majina 60. Hiyo ni ghushi, na imeshawaharibia watu. Ili jina lake liingie kwenye kura ya mchujo ya chama mwezi Juni, anahitaji pia sahihi 25 za wanachama wa chama chake katika wilaya hiyo. Ishirini na tano, dada. Watu wengi hushangaa kusikia ni chache hivyo.

Kuhusu mategemeo ya jamii mkishapata mtu wenu: mjumbe wa bunge la jimbo hashughulikii hifadhi, kadi ya kijani wala kibali cha kazi. Hayo ni ya serikali kuu, na anayeweza kuuliza jalada lako limekwama wapi ni ofisi ya mbunge au seneta wenu wa Washington. Waambieni hivyo mapema wale wanaopanga foleni kumpelekea bahasha, la sivyo atachukiwa kwa jambo asilo na uwezo nalo.

Mimi ninajibu kwa maandishi, na mambo mawili hapa hayatoshi kwa maandishi. La kwanza ni fedha zilizokwisha kukusanywa. Zirudishwe kwa wenyewe, kila mmoja kwa jina lake, na muandike. Kama zimeshatumika hata kidogo, mdogo wetu aende mwenyewe kwa karani wa jiji, ambaye ndiye anayepokea taarifa za fedha za wagombea wa jiji, au apige simu kwa tume ya maadili ya uchaguzi iliyoko Augusta kabla hajatoa senti nyingine. Wanajibu maswali ya wagombea wapya na hawatozi kitu. La pili ni yeyote kati ya waliochanga mwenye kesi ya uhamiaji, au aliyewahi kujiandikisha kupiga kura kwa bahati mbaya. Huyo asimwulize mchungaji, asiniulize mimi, wala asijaze fomu nyingine yoyote. Aonane na wakili wa uhamiaji uso kwa uso; shirika la ILAP la Portland huwasaidia wenye kipato kidogo. Aende na kila karatasi aliyonayo, na kama Kiingereza chake hakijakaa sawa, aombe mkalimani anapopanga miadi, asimchukue mtoto wake kumtafsiria.